Sindano ya saa kumi na moja na chati ya saa nane: kisa cha wodi ya akina mama

Tuanze na kisa chenyewe halafu tukifungue. Nimekitengeneza kwa ajili ya kusomea, hakuna hospitali wala mtu wa kunyoshewa kidole hapa, lakini nesi yeyote aliyefanya zamu za usiku leba huku kwetu Magharibi mwa Kenya atakitambua manake vipande vyake vyote ni vitu vinatokea.

Hospitali ya Level 4, yaani ya ngazi ya kaunti ndogo, ndani ya kaunti ya Kakamega, usiku wa katikati ya wiki. Mama wa miaka 19, mimba ya kwanza, wiki 37, ameshinda siku nzima kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu, jioni akaanguka jikoni akatetemeka mwili mzima mbele ya mama mkwe wake. Wakaja watatu kwa boda moja, mgonjwa ameshikiliwa katikati, wakafika karibu saa tatu usiku. Presha 170 kwa 115, mkojo una protini. Hicho ni kifafa cha mimba. Saa tatu akapewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia kutetemeka, vile mwongozo unasema, gramu 4 kwenye mshipa polepole na gramu 5 kila kalio, jumla 14, akapewa na dawa ya kushusha presha, katheta, ule mpira wa mkojo, ikawekwa, na saa tano na dakika arobaini akajifungua mtoto wa kike aliyelia vizuri.

Nesi aliyesajiliwa alikuwa mmoja kwa leba na wodi ya waliojifungua pamoja, na mwanafunzi mmoja. Saa saba usiku ulikuwa wakati wa dozi ya kuendeleza, gramu 5. Nesi akapima kabla ya kudunga: anapumua mara 18 kwa dakika, goti likigongwa linaruka, mkojo mfukoni mililita 130 tangu saa tatu. Akampa. Hapo kila kitu kilikuwa sawa na kiliandikwa.

Saa nane mama mwingine aliyekuwa amejifungua akaanza kuvuja damu, na wale mnaojua kazi hii mnajua hiyo ikianza hakuna kitu kingine duniani, ni oksitosini ya kukaza tumbo la uzazi, ni kulikanda, dripu mbili, kutafuta damu, kuangalia kama kuna mahali pamechanika. Ilitulia ikielekea saa kumi na nusu. Wakati huo wote yule mama wa kifafa alikuwa kitanda chake, mama mkwe ameketi kando, hakuna mtu aliyemwandikia kitu chochote.

Saa kumi na moja mwanafunzi akaleta trei, dozi ishavutwa kwenye sindano pamoja na ile lignokeini kidogo ya kupunguza uchungu, iko tayari. Nesi akagonga goti kwanza. La kulia likajibu kidogo sana, la kushoto hakuna. Akahesabu pumzi dakika nzima, 13. Akainua mfuko wa mkojo, mililita 50 tangu saa saba. Akamwita mama kwa jina, mama akafungua macho pole pole akayafunga tena. Akapigia daktari wa zamu.

"Daktari, ni sista wa leba. Yule mama wa kifafa, mkojo ni mililita 50 kwa saa nne, goti moja limejibu kidogo lingine hakuna, anapumua mara 13. Hii dozi simpi. Naomba uje umuone, natafuta kalsiamu."

"Sista, yule presha yake ilikuwa juu sana. Mpe tu. Akianza kutetemeka tena utaniambia nini?"

"Siwezi kumpa, daktari. Njoo umuone."

"Basi andika nimesema apewe."

"Nitaandika umesema apewe, na nitaandika sikumpa, na sababu."

Kalsiamu glukonati, dawa ya kupunguza nguvu ya magnesiamu, haikuwa kwenye trei ya dharura, ilikuwa kabati ya theatre, chumba cha upasuaji, mwanafunzi akakimbia. Daktari akafika baada ya nusu saa, akagonga goti mwenyewe, hakuna kitu, pumzi 12. Hapo hakubishana na mtu, akamdunga kalsiamu gramu 1 polepole kwa dakika kumi, oksijeni, damu ikachukuliwa kuangalia figo. Baada ya muda pumzi zikapanda, na asubuhi akapelekwa kwa ambulensi hospitali ya rufaa kwa sababu figo zilikuwa zimeonyesha shida.

Kabla ambulensi haijatoka, in-chaji, nesi mkuu wa wodi, akaingia, akafungua faili, akaona nafasi tatu tupu kwenye chati ya kufuatilia, saa nane, saa tisa, saa kumi. Akamwambia nesi kwa sauti ya chini, "Jaza hapa kabla faili haijaenda. Huko wataona hatukumwangalia. Weka tu namba za kawaida." Kisha mama mkwe alipouliza kwa nini mtoto wake amekuwa hivi na alikuwa ameanza kuongea vizuri, in-chaji akasema, "Kukhu, ni huu ugonjwa tu." Kukhu ni bibi kwa Kiluhya.

Nesi hakujaza. Aliandika kwamba saa nane hadi saa kumi hakuna vipimo vilivyochukuliwa, kwamba alikuwa peke yake akimhudumia mama mwingine aliyekuwa anavuja damu, akaweka saa aliyoandika maneno hayo na sahihi yake.

Sasa tukifungue.

Watu wengi wakisoma kisa hiki wanasimama hapo kwenye simu. Nesi amemkatalia daktari, wow, jasiri. Mimi nadhani hiyo sehemu ndiyo nyepesi ukilinganisha na ile ya chati, lakini tuiangalie vizuri kwa sababu ina kitu ambacho huwa kinapotea. Tunafundishwa kanuni nne, kumtendea mgonjwa mema, kutomdhuru, kuheshimu uamuzi wake, na haki, halafu tunaambiwa zinagongana na kazi yetu ni kupima. Kwa simu ile daktari na nesi kila mmoja alikuwa ameshika hofu ya kweli. Daktari anaogopa mama atatetemeka tena, ubongo uvuje damu, afe. Hiyo si hofu ya bure, presha ya mimba ni moja ya vitu vinavyoua mama zetu zaidi nchini, na magnesiamu ndiyo dawa yenyewe ya kuzuia, utafiti mkubwa uliotoka 2002 wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33 ulionyesha inapunguza hatari ya kifafa zaidi ya nusu. Nesi naye anaogopa pumzi zitasimama. Ukiangalia hivi unaweza kusema ni ngoma sare, wacha mkubwa aamue.

Lakini hebu fuata dawa yenyewe mwilini. Magnesiamu inatoka kwa njia ya figo, karibu yote. Kama mkojo hauji, ile gramu 14 ya saa tatu na ile 5 ya saa saba bado zimo ndani zinafanya kazi. Kwa hiyo kumnyima dozi ya saa kumi na moja hakumwachi bila kinga, kinga anayo, anayo hata kupita kiasi, goti limeshakuambia. Goti ndilo linatangulia kunyamaza, pumzi zinafuata, moyo mwisho. Ndiyo sababu mwongozo unataka vitu vitatu kabla ya kila dozi, pumzi zisiwe chini ya 16, goti liruke, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa, yaani 120 kwa saa nne. Kimoja kikikosa unashikilia dozi. Huyu mama alikuwa amekosa vyote vitatu. Ukishajua hivyo mgongano wenyewe unaisha, hakuna cha kupima, kuna dozi moja tu ya kushikilia na daktari wa kuamsha. Nasisitiza hili kwa sababu naona tunafundisha maadili chumba kimoja na famakolojia chumba kingine kana kwamba ni masomo hayajuani, na nesi asiyejua dawa inatoka kwa figo angekuwa na moyo mzuri kuliko wote na bado angedunga.

Na lile neno "andika nimesema apewe". Wengi wanaamini hapo wameokoka, daktari amebeba. Hapana. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza 1953 na kurekebishwa mara ya mwisho 2021, zinasema nesi anabeba uwajibikaji wake mwenyewe kwa kazi anayofanya, na hapa Kenya usajili wako na Baraza la Wauguzi ni wako wewe, baraza likikuita litataka kujua nani alishika sindano na alikuwa ameona nini kabla hajaisukuma. Daktari angejibu yake kwa baraza lake. Watu wawili wanaweza kuwa na makosa kwa dozi moja, kosa la mmoja halifuti la mwingine.

Simu yenyewe pia inastahili kusomwa mara mbili. Nesi hakusema "daktari sijui, naona huyu mama hayuko sawa". Alisema yeye ni nani, mgonjwa ni yupi, akatoa namba tatu, akasema anachofanya na anachotaka. Daktari aliyelala dakika ishirini baada ya kutoka theatre ukimpa "sijui" atakujibu kwa kumbukumbu yake ya mwisho, na kumbukumbu yake ya mwisho ilikuwa presha 170. Simlaumu sana huyo daktari kwa neno la kwanza, namlaumu kwa kutouliza hata swali moja kuhusu goti. Na pale nesi aliposema "njoo umuone" mara ya pili alikuwa amefunga njia ya kutibu kwa simu, hilo ni jambo la kuiga. Kitu kimoja ningeongeza, angempigia supavaiza wa usiku papo hapo, ili kama daktari hangekuja kuwe na mtu mwingine anayejua. Na kama pumzi zingesimama kabla daktari hajafika, asingengoja ruhusa ya mtu, ni begi na maski na kalsiamu, anayekwambia ungoje hapo hajui anachosema.

Haya, chati.

Hapa ndipo moyo wangu uko. In-chaji si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Amelinda wodi hiyo miaka mingi, anajua faili ikifika hospitali ya rufaa na mapengo kuna mtu ataisoma kwa sauti kwenye mkutano, anajua kaunti ikiuliza haitauliza kwa nini nesi alikuwa mmoja, itauliza kwa nini nesi hakupima. Alikuwa anamlinda yule nesi wake. Na wacha tuseme ukweli wa wodi zetu, kujaza chati asubuhi ni mazoea, presha 120 kwa 80 mstari mzima, pumzi 20, 20, 20, kila mtu anajua na hakuna anayesema.

Lakini angalia hizo namba "za kawaida" zingefanya nini kwa mama huyu. Daktari wa rufaa anafungua faili, anaona saa kumi pumzi 18 na goti linaruka, saa kumi na moja pumzi 13 na goti limekufa. Atafikiri nini? Atafikiri jambo limetokea ghafla ndani ya saa moja, aanze kutafuta kitu kingine, labda ubongo umevuja damu, labda amepewa dawa nyingine. Kumbe inawezekana mkojo ulianza kupungua tangu saa nane na figo zimekuwa zikizama masaa yote hayo. Nafasi tupu inamwambia ukweli, kwamba hatujui, na daktari akijua hatujui atatibu kwa tahadhari ya mtu asiyejua. Namba ya uongo inamwondolea hiyo tahadhari. Kwa hiyo kujaza chati si karatasi tu, unaendelea kumtibu mgonjwa ukiwa hauko, kwa mkono wa mtu mwingine uliyemdanganya.

Na kuna madhara ya pili ambayo yanatuumiza sisi wenyewe. Chati iliyojaa ni ushahidi kwamba nesi mmoja anatosha. Kila usiku tunaojaza tunaiandikia kaunti barua kwamba kazi iliwezekana, mama wa kifafa alipimwa kila saa na mama wa damu alihudumiwa na watoto walinyonyeshwa, yote na mtu mmoja, sasa kwa nini waajiri wa pili? Halafu tunagoma. Mnakumbuka 2017 wauguzi wa kaunti waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Chati zetu zilikuwa zinasema nini wakati huo?

Kesi ya Bungoma inafaa kukumbukwa hapa. Mama mmoja alijifungulia sakafuni kwenye hospitali ya umma huko mwaka wa 2013 akapigwa na kutukanwa na wauguzi, na 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ikaamua haki zake zilivunjwa na alipwe shilingi milioni 2.5. Wengi tunakumbuka ile sehemu ya wauguzi na ni haki tuikumbuke, kofi ni kofi, hakuna uhaba wa wafanyakazi unaolielezea. Lakini mahakama haikuishia kwa wauguzi, ilisema pia serikali, ya kitaifa na ya kaunti, zilishindwa kwenye wajibu wao wa huduma za afya. Mahakama inaweza kuona hivyo tu kama kuna kitu cha kuona. Nesi wetu aliyeandika "nilikuwa peke yangu" ameweka kwenye faili sentensi ambayo siku moja itamtetea yeye, na itauliza swali kwa mtu wa juu.

Sasa niseme pale ambapo sikubaliani naye, kwa sababu watu humfanya malaika. Saa nane, damu ilipoanza, alikuwa na simu. Supavaiza wa usiku yuko, nesi wa wodi ya watoto yuko ng'ambo ya korido. Hakumwita mtu kwa zaidi ya saa mbili. Najua kwa nini, mikono ilikuwa ndani ya kazi, na pia tumelelewa kwamba kuita ni kushindwa. Lakini kuomba msaada ni sehemu ya wajibu, ukijua wagonjwa wawili wanaweza kufa kwa wakati mmoja na wewe ni mmoja, basi simu ni matibabu. Na mwanafunzi alikuwepo. Mwanafunzi hawezi kuachiwa aamue kuhusu magnesiamu, lakini kuhesabu pumzi na kusoma mfuko wa mkojo anaweza, umwambie "kila nusu saa, na pumzi zikishuka chini ya 16 piga kelele hata kama nimeshika nini". Uwajibikaji unabaki wako wewe uliyemtuma, ndiyo, lakini macho yangekuwa mawili zaidi. Pengine tungeyaona haya saa tisa.

Kuhusu kukhu na yule mama. "Ni huu ugonjwa tu" si uongo kamili, figo kweli zilikuwa zinaharibiwa na ugonjwa, na hiyo ndiyo hatari yake. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kujulishwa hali yake, na wa kujulishwa kwanza hapa ni mama mwenyewe, ana miaka 19, ni mtu mzima, hata kama amesinzia na hata kama mume anapiga simu kutoka Nairobi kila dakika tano akitaka aongee na "mkubwa wa hapo". Hapo kuna ugumu, mama hawezi kufuata maelezo marefu, na mama mkwe ndiye aliyemleta na ndiye atapanda ambulensi. Nesi alifanya hivi: mama alipoamka vizuri baada ya kalsiamu alimuuliza kama anaweza kumweleza mama mkwe, akaitikia. Ndipo akaketi na kukhu, kwa Kiluhya, akamwambia dawa ya kuzuia kutetemeka ilikuwa imejaa mwilini kwa sababu figo hazikuwa zinaitoa, kwamba tumempa ya kuipunguza nguvu na anapumua vizuri sasa, na kwamba kati ya saa nane na saa kumi hakuangaliwa kama inavyotakiwa kwa sababu ya yule mama wa kitanda cha tatu. Kukhu akauliza, "Yule aliyekuwa anavuja damu? Yuko?" Akaambiwa yuko. Akasema sawa, twende.

Najua mawakili wa hospitali hawatapenda sentensi ya mwisho ya nesi. Mimi naipenda. Kukhu alikuwa ameketi pale usiku kucha, aliona hakuna mtu aliyekuja, ungemwambia nini kingine ambacho macho yake hayajaona?

Kinachobaki ni cha kufanya kesho yake na hapa ndipo wengi hukosana. Je, nesi amripoti in-chaji? Msimamo wangu ni huu. Ajaze fomu ya tukio siku hiyo hiyo kuhusu vitu viwili, kalsiamu kukaa theatre badala ya kukaa trei moja na magnesiamu, na watu wa zamu. Aitishe daktari asaini maelezo ya ile amri ya simu. Kisha amwendee in-chaji, wawili peke yao, si kwenye WhatsApp ya wodi, amwambie "mkubwa, nafasi zile nimeziacha tupu na nimeandika sababu, na sitajaza hata siku nyingine, lakini nitakuwa na wewe tukiitisha nesi wa pili". In-chaji wengi niliowajua wangenyamaza kidogo kisha wangekubali, maana wao wenyewe wamechoka na huo uongo. Akirudia, au akichukua kalamu akajaza mwenyewe, basi ni kwa matroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali, kwa maandishi, na matroni akinyamaza kuna baraza, kwa sababu hapo hatuzungumzii tena mtu aliyeogopa saa moja asubuhi, tunazungumzia faili za wagonjwa zinazobadilishwa. Na nakala ya kile alichoandika mwenyewe kwenye faili ile ibaki mahali panapojulikana hospitalini, si picha ya faili kwenye simu yake, kwa sababu ile faili bado ni siri ya yule mama.